Seva mbili, Unguja na Chake Chake, na zote zimejitangaza kuwa kuu: nipange vipi klasta ya PostgreSQL?

Karafuu_Kavu

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Ninasimamia mifumo ya chama kimoja cha akiba na mikopo chenye ofisi kuu hapa Unguja na tawi moja Chake Chake. Hifadhidata yetu ni PostgreSQL toleo la 15, ina ukubwa wa gigabaiti 180 hivi, na kwa miaka mingi ilikaa kwenye seva moja tu ya Unguja, ambayo ikizimwa kwa matengenezo basi ofisi zote mbili zilikuwa zinafunga madirisha. Mwaka juzi aliyenitangulia katika kazi hii alinunua seva ya pili, akaiweka Chake Chake, na akaiunganisha na ya kwanza kwa njia ya kunakili mfululizo, yaani kila badiliko linaloandikwa Unguja hupelekwa Pemba wakati huohuo bila ya Unguja kusubiri jibu. Hadi hapo sina ugomvi naye.

Alichokiongeza baadaye ndicho kilichotutia mashakani. Aliandika skripti ndogo kwenye seva ya Chake Chake inayoiuliza seva ya Unguja kila baada ya sekunde 5 kama iko hai, na ikikosa jibu kwa sekunde 60 inajitangaza yenyewe kuwa seva kuu na kuanza kupokea miamala. Mwezi uliopita, Jumatatu asubuhi, njia ya mtandao baina ya visiwa viwili ilikatika kwa dakika 22. Seva ya Unguja haikuwa na ugonjwa wowote na iliendelea kuhudumia wateja wake. Ile ya Chake Chake, kwa kuwa haikusikia kitu, ikajipandisha cheo. Njia iliporudi tulikuwa na seva kuu mbili, kila moja na hesabu zake: Chake Chake kulikuwa na miamala 41 ambayo Unguja haiijui, na Unguja kulikuwa na miamala zaidi ya 200 ambayo Chake Chake haiijui. Mwanachama mmoja alitoa fedha Chake Chake wakati mkewe, ambaye ana akaunti ya pamoja naye, anatoa fedha hizohizo Unguja, na kila seva ikaona salio linatosha. Mimi na mhasibu tulikaa siku nne tukipatanisha kwa mkono, stakabadhi moja baada ya nyingine.

Skripti nimeifuta, kwa hiyo sasa hivi hakuna kinachobadilika chenyewe. Bodi, hata hivyo, imeshanusa kwamba kuna kitu kinaitwa klasta, yaani seva kadhaa zinazofanya kazi kama moja, na imetoa fedha za seva moja zaidi, si mbili, ikitaka mfumo ambao kufa kwa mashine moja hakutasimamisha kazi. Nimesoma kuhusu Patroni, programu ya kusimamia klasta za PostgreSQL, lakini sijawahi kuiendesha. Ninachoomba ni ushauri wa mambo mawili: seva hiyo ya tatu niiweke wapi, na je, nifanye Unguja isubiri jibu la Pemba kabla ya kuthibitisha muamala, ili lisipotee hata moja?

Fundi_wa_Mbweni

Wa alaykumu salaam. Nitaanza na skripti ile uliyoifuta, kwa sababu kosa lake ndilo linaloeleza kila kitu kinachofuata. Mtu akinyamaza simuni, huwezi kujua kwa ukimya huo peke yake kama amekufa, amelala, au laini imekatika. Seva ya Chake Chake ilikuwa na ukimya tu, ikaufanya ushahidi wa kifo. Ukiwa na mashine mbili hakuna skripti, iwe na ujanja wa namna gani, itakayotenganisha hali hizo, kwani kila upande ukikatika una kura moja na mwenzake ana kura moja.

Ndiyo maana inahitajika kura ya tatu, na neno letu la kale la akidi linatosha kabisa hapa: kama bodi yenu isivyoweza kupitisha jambo bila ya wajumbe walio zaidi ya nusu, vivyo hivyo seva haitakiwi kuwa kuu bila ya kuungwa mkono na wapiga kura walio zaidi ya nusu. Wapiga kura wakiwa 3, akidi ni 2, na unaweza kumpoteza mmoja. Wakiwa 4, akidi ni 3, na bado unaweza kumpoteza mmoja tu, kwa hiyo wa nne umemlipia umeme bure. Wakiwa 5 unaweza kuwapoteza 2.

Patroni yenyewe haihesabu kura. Inalitegemea ghala dogo la pembeni, kwa kawaida etcd, ambalo hutumia Raft, kanuni ya mashine kukubaliana kwa kura, iliyochapishwa na Diego Ongaro na John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2014. Ndani ya ghala hilo kuna funguo moja ya uongozi yenye muda wa kuisha, ambao kwa chaguo-msingi ni sekunde 30. Seva kuu huihuisha kila sekunde 10. Ikishindwa kuihuisha, kwa kuwa imekatika mawasiliano na wapiga kura wengine, inajishusha yenyewe na kuacha kupokea maandishi. Na funguo ikishaisha muda, seva nyingine iliyo upande wenye akidi inaichukua. Wengi wanaotazama Patroni huvutiwa na jinsi inavyopandisha seva mpya, lakini kwa tatizo lako lililo muhimu zaidi ni ile ya zamani kushuka kwa hiari yake, na kushuka kabla mwenzake hajapanda.

Kuna mwanya mmoja. Iwapo programu ya Patroni yenyewe itaganda ilhali PostgreSQL bado inapokea miamala, hakuna wa kuishusha. Kwa hilo utawasha wochidogi ya Linux, ambayo huiwasha upya mashine nzima Patroni ikiacha kuigusa kwa muda uliowekwa. Usiiache, hata kama mafunzo mengi ya haraka huiruka.

Sasa mahali pa kuweka. Kura mbili zikiwa Unguja na moja Pemba, mtandao ukikatika Unguja inaendelea na Pemba inabaki kusoma tu, jambo ambalo ni sahihi. Lakini Unguja yote ikizimika, Pemba haiwezi kujipandisha. Msidhani kwamba kisiwa kizima kuzimika ni hadithi: tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa bila ya umeme wa gridi baada ya waya wa baharini kuharibika, na mwaka 2008 pia ilikosa kwa takriban mwezi mzima. Waya wa Unguja unatoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na wa Pemba unatokea Tanga, kwa hiyo kwa upande wa umeme visiwa hivi ni nyumba mbili tofauti kabisa, na hiyo ni neema ambayo wenye seva zao zote katika jengo moja hawana.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba kura ya tatu uiweke Dar es Salaam, kwenye mashine ndogo ya kukodi. Haihitaji kubeba hifadhidata. Inabeba etcd tu, ni shahidi. Upande wowote, Unguja au Pemba, utakaobaki unaonana na shahidi huyo ndio wenye haki ya kuandika. Na fedha za seva ya tatu uzitumie kupata replika (seva inayobeba nakala ya hifadhidata) ya pili, hapo Unguja.

Kuhusu kusubiri jibu la Pemba, nitalirudia ukitupa kipimo cha ping, yaani muda wa ujumbe kwenda na kurudi, baina ya ofisi zako mbili.

Karafuu_Kavu

Ahsante sana, Maalim. Kipimo cha ping kutoka ofisi kuu hadi Chake Chake, kwa siku tatu mfululizo, ni milisekunde 9 kwa kawaida, na jioni hufika 30 au 40. Kutoka Chake Chake hadi mashine ya majaribio Dar es Salaam ni milisekunde 13.

Mzee_wa_Wesha

Kijana wangu, hebu kabla hujalipia hiyo mashine ya Dar, kaa Chake Chake uendeshe amri ya traceroute, inayoonyesha vituo ambavyo data inavipitia, kuelekea huko. Ninauliza kwa sababu namba zako zinanitia shaka. Mkondo baina ya Unguja na Pemba ni kilomita 50 tu hivi, na mwanga ndani ya mkongo hukata karibu kilomita 200 kwa milisekunde moja, kwa hivyo umbali wenyewe ni chini ya milisekunde moja kwenda na kurudi. Hizo nyingine zote ni za vifaa, foleni na mizunguko. Ikiwa data ya Chake Chake inapita kwanza Unguja ndipo inavuka kwenda Dar, basi shahidi wa Dar, kwa macho ya Pemba, ni shahidi anayekaa chumbani kwa mdaiwa.

Karafuu_Kavu

Mzee wangu, umepiga penyewe. Kituo cha pili na cha tatu katika orodha ni anwani za mtoa huduma zilezile ninazoziona nikiwa ofisi kuu Unguja, na ndipo data inapogeuka kuelekea Dar. Nilipomuuliza fundi wao kama ipo njia nyingine kutoka Pemba, alisema kwamba kwa kifurushi chetu hakuna.

Fundi_wa_Mbweni

Basi nimeshauri jambo lililo sahihi kwenye karatasi na lisilo na faida kwenu. Namshukuru Mzee. Iwapo mnaweza kupata laini ya pili ya simu kwa ajili ya Chake Chake, kutoka kwa kampuni tofauti, shahidi wa Dar atakuwa na maana tena, lakini ni lazima ipimwe na si kuahidiwa.

BintiKonde

Naomba nitie neno, na ninatofautiana na Maalim hata kama njia ya pili itapatikana. Ninasimamia hifadhidata za taasisi nyingine yenye ofisi visiwa vyote viwili, na baada ya miaka kadhaa nimefikia uamuzi kwamba uongozi usihame wenyewe kuvuka bahari. Ndani ya Unguja uhame wenyewe, tena haraka. Kutoka Unguja kwenda Pemba uhamishwe na mtu.

Mfano ninaoutaja kila mara ni wa GitHub, tovuti ya kuhifadhi misimbo ya programu. Tarehe 21 Oktoba 2018, wakati wa kubadilisha kifaa cha mkongo, mawasiliano baina ya sehemu mbili za mtandao wao pwani ya mashariki ya Marekani yalikatika kwa sekunde 43. Programu yao ya kusimamia hifadhidata zao za MySQL, iitwayo Orchestrator, inatumia Raft kama etcd. Nodi zake (mashine zinazoiendesha) zilizobaki zikakusanya akidi na zikahamishia uongozi pwani ya magharibi. Sikilizeni vizuri: akidi ilifanya kazi yake sawasawa. Hata hivyo, seva za mashariki zilikuwa na sekunde chache za maandishi ambayo hayajafika magharibi, na magharibi ikawa imeshapokea mapya, kwa hivyo hawakuweza kurudi nyuma bila ya kupoteza kitu. Na programu zao zilizokuwa mashariki zikawa zinavuka bara zima kwa kila ulizo. Huduma ilidorora kwa saa 24 na dakika 11. Sekunde 43 zilizaa siku nzima.

Kwa hivyo swali ambalo ningeliuliza bodi kabla ya kununua chochote ni hili: tawi la Chake Chake likikaa dakika 22 bila ya kuandika, hasara yake ni nini? Makarani wataandika stakabadhi kwa mkono na kuingiza baadaye, wanachama watanung'unika, na jioni hesabu zitakuwa sawa. Linganisha na siku zako nne za kupatanisha. Dakika 22 za kusimama zilikuwa rahisi kuliko dakika 22 za kuendelea.

Mpango ambao ningeupanga ni huu. Unguja kuwe na seva mbili za hifadhidata katika majengo mawili tofauti, yasiyo na swichi wala betri za akiba za pamoja, na kura ya tatu ya etcd ikae mahali pa tatu hukohuko Unguja. Kompyuta ya kawaida ya mezani yenye diski ya SSD inatosha, kwa hivyo fedha yako ya seva moja inatosha pia. Baina ya seva hizo mbili weka unakili wa kusubiriana. Kisha seva ya Chake Chake usiiingize katika kura hizo kabisa. Patroni ina mpangilio wa klasta tegemezi: Chake Chake inakuwa klasta ndogo inayojitegemea, yenye etcd yake, inayonakili kutoka kwa yeyote aliye kiongozi Unguja, na haiwezi kujipandisha mpaka mtu aondoe sehemu ya standby_cluster katika mipangilio yake. Waandishi wa Patroni wenyewe wanapendekeza hivyo kwa wenye vituo viwili tu. Kabla ya kuiondoa, mtu huyo anatakiwa apige simu Unguja na aambiwe na binadamu kwamba seva za huko zimezimwa na hazitawashwa.

Fundi_wa_Mbweni

Nimekubali, Bi Konde, ingawa kwa shingo upande, kwa sababu simu nazo hukatika siku hiyohiyo mtandao unapokatika. Kwa chama cha akiba, hata hivyo, uko sahihi; ingelikuwa ni mfumo wa hospitali ningelikubishia hadi magharibi.

Sasa nilirudie swali la kusubiri. PostgreSQL iliongeza unakili wa kusubiriana katika toleo la 9.1, mwaka 2011, na maana yake ni kwamba muamala hauthibitishwi kwa mteja mpaka replika iseme imeshauandika kwenye diski yake. Gharama yake ni safari moja ya kwenda na kurudi kwa kila muamala. Baina ya majengo mawili ya Unguja itakuwa chini ya milisekunde 2, na karani hatoihisi. Kwa Pemba ingelikuwa milisekunde 9 mchana na 40 jioni, ambazo karani pia hatozihisi, lakini kazi zenu za usiku za kukokotoa faida kwa kila akaunti zitazihisi sana ikiwa kila akaunti ni muamala wake.

Gharama kubwa zaidi si ya milisekunde. Ukiwa na replika moja tu ya kusubiriwa na ikafa, seva kuu inasubiri jibu ambalo haliji, na kwa wateja inaonekana imekufa nayo. Umenunua mashine ya pili ili uwe na njia mbili za kusimama badala ya moja. Patroni inalitatua hili kwa kigezo cha synchronous_mode: replika ikipotea, inaiondoa katika orodha ya wanaosubiriwa na kazi inaendelea bila ya kusubiri, na wakati huohuo inaandika kwenye etcd kwamba replika hiyo haina tena haki ya kupanda cheo mpaka ifikie. Kuna kigezo kikali zaidi, synchronous_mode_strict, ambacho kinachagua kusimama kuliko kuandika mahali pamoja tu. Hapo si fundi anayeamua, ni bodi, na iamue kwa maandishi. Mimi ningeliacha ule wa kwanza.

Ngalawa7

Mimi nina onyo moja tu, tena la aibu. Etcd iwekewe diski yake. Mimi niliiweka kwenye diski moja na hifadhidata, na kwa wiki mbili uongozi ulikuwa unahama kila siku saa nane usiku, mara nyingine mara mbili, bila ya seva yoyote kuwa mgonjwa. Kumbe saa hiyo nakala ya akiba ndiyo inaanza, diski inalemewa, etcd inashindwa kuandika kwa wakati, na Patroni, ambayo haiwezi kuhuisha funguo yake, inamshusha kiongozi aliye mzima. Nilikuwa nikishuku mtandao, nikabadilisha nyaya, nikabadilisha swichi, na nikamlaumu fundi wa umeme wa jengo.

Pia vipima muda vya etcd kwa chaguo-msingi ni milisekunde 100 za mapigo ya kiongozi kujulisha yu hai na 1,000 za kusubiri kabla ya uchaguzi. Vinafaa kwa majengo ya mji mmoja. Mkija kuivusha etcd baharini kwa njia inayofika milisekunde 40 jioni, visomeni upya.

Mzee_wa_Wesha

Kwa kuwa Chake Chake itabaki kunakili kutoka Unguja kwa njia hiyohiyo inayokatika, kuna jambo ambalo litakuuma na bado hujaliona. Utaweka sloti ya kunakili, bila shaka, ili Unguja isifute faili za WAL, yaani kumbukumbu za kila badiliko, kabla Pemba haijazipokea. Nilifanya hivyohivyo. Seva ya replika ilizimika usiku wa kuamkia Idi, ofisi imefungwa, na hakuna aliyejua kwa siku tatu. Seva kuu kwa uaminifu wake ikawa inamwekea mwenzake kila faili, mpaka diski ikajaa, na PostgreSQL ikijaa diski inasimama. Yaani replika, iliyowekwa ili itulinde, ndiyo iliyomuua kiongozi, tena ikiwa imezimwa.

Tangu toleo la 13 kuna kigezo cha max_slot_wal_keep_size, ambacho kwa chaguo-msingi hakina kikomo. Weka kikomo, tuseme nusu ya nafasi iliyo wazi kwenye diski. Ujue tu kwamba kikipitwa, replika inaachwa nyuma na itabidi ijengwe upya kutoka mwanzo: gigabaiti 180 kwenye njia ya megabiti 20 kwa sekunde ni saa 20, na hiyo ni endapo hakuna mwengine anayeitumia. Wakati mwengine diski kuitia mfukoni na kupanda boti hadi Mkoani ni haraka zaidi, na sisemi kwa mzaha, nimeshafanya.

Jengine, usiiamini pg_rewind kuliko inavyostahiki. Inamrudisha kiongozi wa zamani awe replika kwa kumlinganisha na mpya, na inahitaji ama wal_log_hints iwe imewashwa au hifadhidata iwe na alama za ukaguzi za kurasa. Lakini namna inavyomrudisha ni kuyafuta aliyoyaandika peke yake. Ingelikuwepo ile Jumatatu yako na ikajiendesha Chake Chake, miamala 41 ingelipotea kimya kimya, na mngelibaki na stakabadhi za karatasi zisizo na asili. Kiongozi wa zamani akiwa na chochote ambacho mwenzake hana, nakili kwanza saraka yake yote, ndipo umrudishe.

BintiKonde

Na haya yote hayaondoi haja ya nakala za akiba, naomba mwenye bodi asidanganyike hapo. Replika hunakili kosa kwa kasi ileile inayonakili haki: mtu akifuta jedwali Unguja, Chake Chake limeshafutika kabla hajaondoa mkono kwenye kibodi. GitLab, kampuni ya kazi kama ya GitHub, Januari 31, 2017, mhandisi wao alikuwa akihangaika na replika iliyokwama, akafuta saraka ya data akidhani yuko kwenye replika, kumbe yuko kwenye seva kuu. Walipokimbilia nakala za akiba wakakuta zile za pg_dump hazikuwa zikifanyika, kwa sababu programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la 9.2 na hifadhidata ni ya 9.6, na barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa zilikuwa zinakataliwa njiani. Walipoteza data ya kama saa sita. Tumia pgBackRest au chombo kingine kinachohifadhi faili za WAL ili uweze kurudi kwenye dakika unayoitaka, na kila mwezi rudisha nakala moja kwenye mashine tupu, uhesabu safu za jedwali la akaunti, ndipo useme una nakala.

Karafuu_Kavu

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi kwa sababu seva mpya ilikaa bandarini. Nimepanga kama alivyoeleza Bi Konde: seva mbili Unguja katika majengo mawili, kompyuta ya mezani mahali pa tatu kuwa shahidi, na Chake Chake klasta tegemezi yenye kikomo cha sloti cha gigabaiti 60. Programu za makarani sikuziwekea HAProxy, programu ya kati ya kuelekeza maunganisho; nimeorodhesha anwani za seva zote mbili katika mstari wa kuunganisha na kuongeza target_session_attrs=read-write, ambayo huifanya programu imtafute yenyewe aliye kiongozi.

Jumapili iliyopita tulifanya jaribio. Nilichomoa waya wa umeme wa seva kuu bila ya kuizima kwa utaratibu, na ya pili ikachukua uongozi baada ya sekunde 31. Katika miamala ya majaribio iliyokuwa imethibitishwa hakuna uliopotea. Kisha nikakata njia ya Pemba kwa nusu saa. Chake Chake ilibaki kusoma tu, salio zinaonekana lakini kuweka na kutoa kunakataliwa, na msimamizi wa tawi akanipigia simu kunilalamikia kwamba mfumo mpya ni mbaya kuliko ule wa skripti, kwa sababu ule angalau ulikuwa unafanya kazi.

Lililobaki ni moja. Nimeandika kwenye karatasi hatua za kuipandisha Chake Chake kwa mkono, na nimeandika kwamba inahitaji watu wawili wakubaliane, mmoja Unguja na mmoja Pemba. Je, Unguja yote ikiwa imezimika na hakuna anayepokea simu, nani awe mtu wa pili?

Mzee_wa_Wesha

Mtu wa pili awe mjumbe wa bodi anayeishi Pemba, si fundi mwengine, na kabla ya kukubali asubiri saa mbili kamili tangu simu ya kwanza isipopokelewa. Karatasi hiyo bandikeni ukutani karibu na seva yenyewe, kwa sababu kama mmeihifadhi kwenye mfumo, siku hiyo hamtaweza kuifungua. Na hiyo kompyuta ya mezani ya shahidi, iandikwe juu yake kwa maandishi makubwa kwamba haizimwi. Wafagiaji wa ofisi huchomoa chochote ambacho hakina mtu mbele yake.